Mwanangu amepona, wa rafiki yangu amefariki. Nitasimamaje kutoa ushuhuda?

BARUA

Shikamoo mama. Bwana Yesu asifiwe.

Nina miaka 29, naishi Kagera, ni msharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) na ninaimba kwaya, sauti ya pili. Nakuandikia wewe kwa sababu kila mtu ninayeweza kumuuliza jambo hili huku ameshachagua upande.

Mwaka jana mwezi wa sita nilijifungua mimba ikiwa na wiki 30. Binti yangu alikuwa na gramu 1,200. Tulilazwa wodi ya watoto njiti. Siku mbili baadaye wakamleta kitanda cha jirani rafiki yangu tunayeimba naye, yeye ni sauti ya kwanza. Uchungu ulimshika akiwa shambani. Wake alikuwa wa kiume, gramu 1,350. Mama, kwenye wodi ile hakuna linalozungumzwa kama gramu. Kila asubuhi ni mizani, na mwenye kupanda gramu ishirini anashangiliwa kama kashinda uchaguzi. Nilimwonea wivu rafiki yangu kwa zile gramu 150.

Sijui kama unayajua maisha ya pale. Unakamua maziwa kila baada ya saa tatu, yanapitishwa kwenye mpira wa puani. Mtoto anakaa kifuani kwako ngozi kwa ngozi, umejifunga kitenge, mchana na usiku, wanaita kangaruu. Tuliomba pamoja mimi na mwenzangu. Tukaanza na kufunga, mpaka nesi akatukaripia kwamba mama anayekamua maziwa hafungi. Usiku mmoja nilishikwa na homa kali, titi limevimba, nikapelekwa kuwekewa dripu, na rafiki yangu akambeba mwanangu kifuani pamoja na wake mpaka asubuhi. Usiku huohuo, sindano ikiwa mkononi, niliweka nadhiri: Bwana, ukiniachia mtoto huyu, nitasimama madhabahuni mbele ya usharika wote niseme ulichonitendea.

Siku ya tisa ya mtoto wa rafiki yangu alibadilika rangi. Madaktari walisema ni maambukizi kwenye damu. Nesi mmoja Mkristo alimbatiza usiku kwa maji ya kikombe, na kabla hakujakucha akafariki. Walimzika siku hiyohiyo. Kwetu kichanga hakikaliwi matanga ya maana. Nilisikia walikuwa watu wachache na walitawanyika mapema. Mimi sikwenda, nilikuwa bado wodini na wangu kifuani.

Leo binti yangu ana miezi kumi. Ana meno mawili na anatambaa mpaka jikoni. Mchungaji ametupangia ibada ya shukrani siku moja na ubatizo wake, na mama mkwe amelishika jambo hili kwa mikono miwili. Mbuzi yupo, kitenge cha sare kimenunuliwa, wageni wamealikwa. Na maneno ya ushuhuda ameshanipangia: niseme kwamba yeye alifunga siku tatu bila maji, kwamba Mungu hakumwaibisha mtumishi wake, kwamba nyumba iliyojengwa juu ya mwamba haianguki. Ananitajia Hana mama yake Samweli kila siku. Rafiki yangu na mwenzake wanaishi pamoja bila ndoa ya kanisani, kwa hiyo hawashiriki Meza ya Bwana. Mbele za watu mama hasemi kitu, lakini nyumbani ameshasema: "Mungu hadhihakiwi."

Nilimwambia kwamba labda nitoe sadaka tu, nisiseme. Akafungua Mhubiri sura ya tano akanisomea: ukimwekea Mungu nadhiri usikawie kuiondoa. Wiki iliyopita mtoto akapata homa. Yalikuwa mafua ya kawaida, lakini mama aliniangalia akasema, "Umeona?" Tangu siku hiyo naamka usiku kusikiliza kama anapumua.

Mume wangu ni mwalimu, kituo chake kiko wilaya nyingine, anakuja mwisho wa mwezi. Nikimpigia anasema, mridhishe tu mama, ni dakika tano.

Rafiki yangu alikaa miezi mitano haji kanisani. Sasa anakuja, anakaa mabenchi ya nyuma, kwaya bado hajarudi. Tukikutana tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za mashamba. Hajawahi kuomba kumbeba mwanangu, na mimi sijawahi kumpa. Juzi alinitumia ujumbe: "Nimesikia mnatoa shukrani. Hongera. Nitakuwepo." Nimeusoma na kuurudia, siwezi kujua ameandika kwa moyo gani.

Mama, ninajua Mungu alinifundisha kitu ndani ya wodi ile. Lakini kila nikitaka kukisema kinageuka jiwe la kumpiga mwenzangu. Nikisema Mungu anajibu maombi, na yeye aliomba. Nikisema ni imani, ya kwake ilizidi yangu. Nikisema ni mpango wa Mungu, je, mpango huo ulitaka mwanawe afe? Na nikinyamaza, nadhiri iko shingoni. Nifanyeje?

Mama Njiti, Kagera

JIBU

Marahaba, mwanangu. Asifiwe. Mpe binti pole ya mafua, na wewe pole ya kukesha.

Swali ulilouliza ni la ushuhuda, na nitalifikia. Lakini nikikusoma naona kuna lingine limejificha chini yake, nalo ndilo linalokuamsha usiku. Unaogopa kwamba Mungu alikukopesha mtoto, na kwamba ukichelewesha marejesho atakuja kumchukua. Tuanzie hapo, kwa sababu mtu mwenye hofu hiyo hawezi kuchagua chochote vizuri, si kusema wala kunyamaza.

Unaijua mikopo ya kausha damu. Ukipitisha siku, jamaa wanafika na daftari, wanabeba godoro na sufuria. Nadhani neno "umeona?" la mama mkwe limemfanya Mungu wako afanane na watu hao, na sijui kama mama mwenyewe alikusudia hivyo. Watoto wa miezi kumi wanapata mafua. Wa wenye nadhiri wanapata, wa wasio na nadhiri wanapata. Mtoto aliyezaliwa njiti anahitaji uangalizi zaidi kifua kikimbana, na hilo ni la kumpeleka kliniki mapema, bila kumwongezea hukumu juu yake.

Sura aliyokusomea mama ni Neno la Mungu na sitaipunguza. Mstari wa sita una maneno makali kwa mwenye kuteleza kwenye nadhiri. Ila mwombe siku moja msome wote wawili kuanzia juu. Mstari wa pili, kabla nadhiri haijatajwa, unasema moyo usiwe na haraka kunena mbele za Mungu, na unamalizia: "maneno yako na yawe machache." Anayeonywa pale ni mtu aliyeingia nyumbani kwa Mungu na mdomo mwingi. Kwa hiyo sura hiyohiyo inayokudai ulipe inakupa pia ruhusa ya kulipa kwa maneno machache. Mimi nisingepuuza hilo kama ningekuwa wewe.

Tena hebu irudie nadhiri yenyewe kama ulivyoiandika: utasimama mbele ya usharika, useme alichokutendea. Hukuahidi tarehe. Hukuahidi kueleza kwa nini wako alibaki. Hukuahidi kutangaza mfungo wa mtu mwingine, ingawa nina hakika mama alifunga kwa mapenzi na njaa yake ilikuwa ya kweli. Nadhiri ni yako, uliiweka peke yako na sindano mkononi. Hotuba ni ya mama mkwe. Naona hivyo viwili vimeshonwa pamoja mpaka unadhani ukikataa kimoja umevunja kingine.

Sasa hilo la "Mungu hadhihakiwi." Mama hakulibuni; Paulo aliliandika kwa Wagalatia. Na akitaka anaweza kukuonyesha 2 Samweli 12, ambako mtoto wa Daudi anakufa na Nathani anasema wazi kwamba ni kwa sababu ya dhambi ya baba. Andiko hilo lipo, sitajifanya halipo. Lakini Nathani alikuwa nabii aliyetumwa na neno. Huko mtaani kwenu sijasikia aliyetumwa. Wanafunzi walipomwona kipofu wa tangu kuzaliwa walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi, na Yesu akawajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Watu kumi na wanane walipoangukiwa na mnara wa Siloamu, aliuliza kama wale walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu, akajibu mwenyewe: sivyo. Suala la ndoa ya rafiki yako lina mahali pake pa kuzungumzwa na mchungaji wake, na maambukizi ya damu hayaulizi cheti cha ndoa kabla ya kuingia kwa mtoto mwenye gramu 1,350. Katika wodi ileile, kama ulivyokuwa macho, lazima uliwaona watoto wa waliofunga ndoa kanisani wakitolewa wamefunikwa.

Niseme kidogo kuhusu ushuhuda wenyewe, kwa sababu Kagera mna historia nao. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda ukafika hadi Bukoba, ndio uliowazoesha wazee wenu kusimama mbele ya ndugu na kusema. Walikuwa wanasema nini? Zaidi walikuwa wanasema dhambi zao: niliiba mali ya mwajiri, namchukia jirani, Yesu amenisafisha. Aliyesimama alishuka, hakupanda. Siku hizi mtu anasimama kutaja kiwanja, gari na mtoto kufaulu, na anayesikiliza hana gari anabaki anajihesabu kosa lake liko wapi. Sisemi shukrani kwa baraka ni vibaya, Zaburi zimejaa. Nasema tu kwamba namna mama anavyotaka useme si namna pekee ambayo kanisa lako limewahi kuijua.

Na Hana? Wimbo wake ni mzuri, lakini una mwiba. Anaimba kwamba aliyekuwa tasa amezaa watoto saba na yule mwenye wana wengi amedhoofika. Nyuma yake kuna Penina aliyemchokoza mwaka hata mwaka mpaka akawa hali chakula. Hana alikuwa na Penina. Wewe umezungukwa na nani wa kumwimbia hivyo? Mwanamke aliyelala kitanda cha jirani yako hakukuchokoza.

Andiko ambalo ningependa ukae nalo ni Matendo ya Mitume sura ya 12. Inaanza na Herode kumwua Yakobo ndugu yake Yohana kwa upanga. Mstari mmoja, basi. Kisha anamkamata Petro, kanisa linaomba kwa juhudi, malaika anaingia gerezani, minyororo inaanguka, Petro anafika nyumba ya Mariamu mama yake Yohana aitwaye Marko, anagonga, na yule kijakazi Roda kwa furaha anasahau hata kumfungulia. Sasa jiulize: Yakobo hakuombewa? Mwana wa Zebedayo, mmoja wa wale watatu waliokuwa na Yesu mlimani, kanisa lilimwachia tu? Siamini. Na Luka, daktari, anayependa kueleza mambo, haelezi kwa nini upanga ulimpata mmoja na malaika akamfikia mwingine. Anaziweka habari mbili jirani, anaendelea.

Petro alipoingia mle ndani alitoa ushuhuda. Biblia inasema aliwapungia mkono wanyamaze, akawaeleza jinsi Bwana alivyomtoa gerezani, akaondoka. Hakusema Mungu alimpenda kuliko Yakobo. Hakusema imani ya walioomba safari hii ilikuwa nzuri zaidi. Alisema alivyotolewa. Sijui kama mama yake Yakobo alikuwa chumbani usiku ule, Luka hataji. Angekuwepo, sidhani kama kuna neno la Petro ambalo lingemtupa nje.

Ndiyo maana nikisoma maswali yako ya mwisho, lile la maombi, la imani na la mpango wa Mungu, naona yote yanajaribu kujibu "kwa nini." Umejitwisha kazi ambayo hata Luka aliikataa. Umesema Mungu alikufundisha kitu wodini, na unadhani fundisho lazima liwe sababu. Labda sivyo. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na hapo walikuwa wema kabisa. Taabu ilianza walipotaka kueleza.

Nikuulize jambo. Katika barua yako ndefu umetumia aya nzima kwa mbuzi, sare na siku tatu za mama mkwe. Usiku ambao rafiki yako alimbeba binti yako kifuani pamoja na mwanawe umeupa sentensi moja, halafu ukakimbilia nadhiri. Lakini nadhiri uliiweka wakati huohuo! Ulipokuwa unamwomba Mungu akuachie mtoto, mtoto alikuwa hai juu ya ngozi ya mwanamke mwingine, anapata joto lake. Unajua kangaruu inavyofanya kazi: njiti hana mafuta ya kutosha mwilini, akipoa kidogo anaacha kupanda gramu, na baridi ikizidi anaacha hata kupumua. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitalini ambako mashine za joto hazikutosha watoto waliokuwepo, ndipo daktari Edgar Rey akawapa akina mama wenyewe kazi ya mashine. Usiku ule kazi hiyo kwa binti yako hukuifanya wewe. Huenda hapo ndipo jibu la maombi yako lilipokuwa. Silisemi kama hukumu, nakuuliza kwa sababu ninashangaa umepita haraka. Au inauma kupatazama?

Maana kuna dhana nyingine ndani ya barua yako, kwamba kunyamaza ni kumhurumia. Huenda ni kweli. Lakini miezi hii yote mmekuwa mkiulizana habari za mashamba, na hakuna aliyelitaja jina la mtoto wake mbele yako wala wewe mbele yake. Wengine waliofiwa na vichanga wanasema kilichowaumiza zaidi ni kuona watu wanaendelea kana kwamba mtoto hakuwahi kuwepo. Wengine wanasema hawataki kuulizwa kabisa. Yeye ni yupi, mimi sijui, na ninavyokusoma hata wewe hujui, kwa sababu hujamwuliza. Ujumbe wake "nitakuwepo" unaweza kuwa upendo, unaweza kuwa heshima tu, unaweza kuwa mtu anayejilazimisha asionekane mwenye kijicho. Mimi na wewe hatutaupata ukweli wake kwa kuusoma tena.

Basi tuziangalie njia ulizonazo.

Unaweza kwenda kwake kabla ya ibada, peke yako, bila mama mkwe na bila sare. Kama utambeba mtoto au utamwacha, hilo pia lifikirie kwanza. Umwambie nadhiri uliyoiweka na usiku ulioiweka, na umwulize angependa iweje. Hatari yake ni kwamba tumelelewa kusema "haina shida" hata penye shida. Ukimwuliza kwa namna ya kumwomba ruhusa, atakupa, na utaondoka umemtwisha ruhusa ambayo hakuwa nayo moyoni. Labda ni afadhali uende kumpa pole ambayo hukupata nafasi ya kumpa, na la ibada lije baadaye, au lisije siku hiyo.

Unaweza kusimama useme machache kama Petro: nilikuwa hapa, ikawa hivi, namshukuru Mungu, nawashukuru manesi, nawashukuru walionishikia mtoto. Hapo nadhiri imelipwa. Hatari ni mbili. Ukimtaja rafiki yako kwa jina, kanisa zima litageuka kutazama benchi la nyuma, na huzuni yake itakuwa maonyesho ya watu wenye simu mkononi. Usipomtaja, atajua umemruka. Hili ndilo moja ambalo sioni namna ya kuliamua bila yeye.

Unaweza kutoa sadaka ya shukrani, mzee wa kanisa akasoma kikaratasi, na wewe usimame tu na mtoto. Mchungaji mwenye busara anaweza kukubali kwamba kusimama huko ni kutimiza, hasa ukimweleza nadhiri ilivyokuwa; mwulize, asikubebee hilo mtu mwingine. Ila ninavyomsoma mama mkwe wako, kipaza sauti kikibaki wazi atakishika yeye, na maneno uliyokataa kuyasema yatasemwa mbele yako, ukiwa umevaa sare. Hilo uliwazie.

Unaweza kulipeleka kwenye jumuiya, watu kumi na tano sebuleni. Wengine hupata amani zaidi hapo. Lakini uliahidi usharika wote, na ninavyokuona, utaamka tena usiku kuhesabu kama sebule ni usharika. Pia jumuiya ni ndogo, maneno yake yanazunguka kijiji kabla ya chai kupoa.

Na unaweza kusogeza mbele, mfanye ubatizo sasa na shukrani baadaye. Mhubiri anasema usikawie, ni kweli, na sitaki uchukue kuchelewa kama maficho. Rafiki yako naye akisikia shukrani imeahirishwa kwa ajili yake anaweza kujiona ndiye mzigo. Lakini kati ya kukawia kwa uvivu na kukawia kwa sababu unatengeneza jambo na ndugu yako kwanza, Yesu mwenyewe aliona tofauti. Katika Mathayo 5 anamwambia mtu aliyefika madhabahuni aiache sadaka palepale, aende kwanza akapatane na ndugu yake, kisha arudi aitoe. Wewe na rafiki yako hamjagombana, kwa hiyo andiko halikuvai sawasawa. Nalitaja tu ili ujue kwamba kuiacha sadaka ikisubiri kidogo kuna mahali Bwana alikuruhusu.

Usisahau pia kwamba aliyeponywa hakuambiwa neno moja siku zote. Yule wa nchi ya Wagerasi aliambiwa aende nyumbani kwao akawaambie watu mambo makuu aliyotendewa. Mwenye ukoma katika Marko sura ya kwanza aliambiwa asimwambie mtu neno lolote, aende kwa kuhani na sadaka yake. Wote wawili waliguswa na Yesu yuleyule.

Kwa mama mkwe, sitakushauri umshinde. Amefunga, ametoa mbuzi, anampenda mjukuu, na nadhani yeye pia aliogopa sana mwaka jana. Watu wengine wakiogopa hutafuta kanuni ya kushikilia. Lakini ni mama yake mume wako kabla hajawa mkwe wako. Hizo dakika tano anazozitaja mwalimu, hebu mwombe azitumie yeye kuzungumza na mamake mwisho wa mwezi. Mpe barua hii aisome kama itakurahisishia. Mke kubaki peke yake kati ya madhabahu na mama mkwe si haki, hata kama umbali wa kituo cha kazi ni halali.

Jambo la mwisho ni dogo, na pengine halihusiani na ulichouliza. Ubatizo ule wa maji ya kikombe ni ubatizo kamili. Katika hatari ya kifo Mkristo yeyote anaruhusiwa kubatiza, na kanisa lenu linautambua, haurudiwi. Unatakiwa kutaarifiwa usharikani na jina kuandikwa kitabuni. Kwa kuwa alizikwa haraka na mama yake alikaa miezi mitano haji, inawezekana hakuna aliyekumbuka. Mchungaji atakapofungua kitabu kumwandika binti yako, jina la yule mtoto linaweza kuwa halimo. Hilo si lako kulipeleka ofisini bila mama yake kujua. Ila ukienda kwake na hukujua uanzie wapi, unaweza kumwuliza kama liliandikwa, na kama angependa mwende wote wawili kuuliza.